Raewyn Anatafuta Miwani ya Siku ya Maziwa

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumwona Raewyn Stanaway mwezi wa nane mwaka jana. Aliteleza vizuri kabisa juu ya skii zake, kama alivyoteleza kwa miaka ishirini na sita, kisha akaanguka. Alitoka kwenye ukingo wa theluji pale wanapopaita Rafuni, akapita hewani kimo cha watu wawili, akatua kwa bega. Mtulinga ukavunjika. Ilikuwa siku ya maziwa, siku ambayo wingu limeshuka mpaka mlimani, theluji na mbingu zimekuwa rangi moja, hakuna kivuli wala mwinuko, na mtu anaweza kusimama akidhani anakwenda, au akaenda akidhani amesimama.

Walipomwokota na kumlaza kwenye machela, neno lake la kwanza halikuwa "naumia". Lilikuwa, "Miwani mibovu hii." Akalirudia hospitali Christchurch, akalirudia mbele ya kamati ya klabu, akalirudia kwa mwenye duka la nyama ambaye hata hakumuuliza. Na mtu akirudia neno moja mara nyingi namna hiyo, mimi huanza kusikiliza lile ambalo halisemi.

Raewyn ana miaka sitini na mmoja. Ni mfupi, mpana wa mabega, binti wa mchungaji wa kondoo wa mji wa Fairlie. Wakati wa kunyoa huzunguka banda hadi banda kupanga sufu kwa madaraja. Sufu ya kondoo mzima hutupwa mezani, yeye hukwanyua kishungi kimoja, hukivuta, hukitazama, hutaja daraja lake, na wanyoaji wenye misuli kama magogo hawabishi. Majira ya baridi yakiingia, ambayo kwao kusini mwa dunia huanza mwezi wa sita, hupanda Craigmuir, klabu ndogo kwenye milima ya Canterbury. Pale hakuna viti vya kukubeba juu wala hoteli. Kuna kamba ndefu inayozunguka, unaikamata kwa koleo la chuma lililofungwa kwenye mkanda wako, inakuburuta mpaka kileleni ukipenda usipende. Jioni daktari wa upasuaji na fundi magari husimama kwenye sinki moja kuosha vyombo, kwa zamu, na asiyeosha hapewi supu.

Kazi ya Raewyn pale ni kutangulia. Kabla wageni hawajamaliza uji wao, yeye hushuka wa kwanza kuona upepo umefanya nini usiku, na huchomeka fito za mianzi kwenye kingo zenye hatari. Watu wengine wa doria, walinzi wa usalama wa mlima, hufuata. Aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote maishani, akiwemo marehemu mume wake, ambaye alilijua hilo na hakuwa na kinyongo.

Kwa hiyo Lachie Gorringe alipokuja kugonga mlango wake mwezi wa sita, Raewyn alijua kilichomleta. Lachie ndiye mkuu mpya wa doria, kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole, mwenye ndevu zilizoota hapa zikasahau pale.

"Rae, kamati imesema hivi," alianza, akizungusha kikombe cha chai bila kukinywa. "Siku ya kwanza ya maziwa tukishafungua, wewe unatangulia, mimi nipo nyuma yako natazama. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa..."

"Nikishindwa?"

"Bev anataka mtu wa kumsaidia jikoni kwenye klabu."

"Bev anataka mtu wa kusengenya naye. Msaada hataki."

Lachie alicheka, kisha akaacha. "Niambie ukweli. Ni macho?"

"Ni miwani, Lachie! Niseme kwa lugha gani?"

"Basi nunua nyingine, bwana. Sote tunavaa ileile, na klabu inapata punguzo. Unangoja nini?"

Akaenda kununua. Lakini Raewyn si mtu wa kununua kitu kwa sababu wote wanacho. Alipofika kwenye lile duka kubwa la mjini alibeba mfuko wa gunia kwapani, na kijana wa duka akamtolea miwani ya theluji wanayovaa akina Lachie, kioo chake kikimetameta rangi ya chungwa kama jicho la nzi.

"Hii ndiyo yenyewe, mama. Mabingwa wote wanavaa hii. Ukivaa hii huhitaji nyingine."

"Ndiyo, hapana," akasema Raewyn. Kwao huko, "ndiyo, hapana" ni hapana iliyovaa viatu vya kanisani. "Naweza kutoka nayo nje kidogo?"

"Nje wapi?"

"Hapo kwenye maegesho. Wingu limetanda vizuri."

Kijana akamfuata, labda akiogopa kuibiwa. Raewyn akafungua gunia, akatoa sufu nzima ya kondoo wa merino, nyeupe, akaitandaza juu ya lami kati ya magari mawili. Sufu ya merino ina vijiwimbi vidogo, vimejipanga toka shinani mpaka nchani, na hapo ndipo mpanga madaraja hupimia ubora wake. Weupe juu ya weupe, chini ya mbingu ya kijivu. Kama miwani inaonyesha vijiwimbi vile, alijiambia, itaonyesha na matuta ya theluji. Ni akili ya mtu wa mabanda ya sufu, na sijaona mwenye shahada aliyefikiria bora kuliko hapo.

Akavaa, akainama. Akaona uji. Akajaribu ya pili, kioo cha samawati. Uji tena. Ya tatu, uji wenye moshi.

"Samahani mama," kijana akasema taratibu, maana watu walikuwa wameanza kusimama, "hii sufu... unaiuza?"

"Ningekuuzia, lakini wewe huoni tofauti," Raewyn akajibu, akakunja sufu yake akaondoka. Mdomo ulikuwa wa ushindi. Moyoni alikuwa ameingiwa na baridi, kwa sababu alikuwa amejaribu pia bila miwani yoyote, macho matupu, na bado aliona uji.

Bev Hislop ndiye aliyemtajia Dellow. Bev ni mpishi wa nyumba ya klabu, mwanamke wa maneno mengi na chumvi kidogo, na rafiki yake Raewyn tangu shule.

"Kuna mzee mmoja, mji wa Geraldine, anaitwa Merv Dellow," alisema Bev akikata vitunguu. "Alisaga vioo vya miwani ya macho miaka arobaini. Sasa kastaafu, anatengeneza miwani ya theluji kwenye banda nyuma ya nyumba. Shemeji yangu anayo."

"Dellow?" Lachie alikuwa mlangoni akisubiri andazi la jibini. "Ndiyo nini, dawa ya kikohozi? Vijiko viwili asubuhi na jioni?"

"Wewe cheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo yako mpaka imewekwa kwenye mabango ya barabarani."

"Bev, mwenzio anataka kunusuru kazi yake, unampeleka kwa mzee wa bandani!"

"Mimi nipo hapa," akasema Raewyn. "Na nakwenda kesho."

Merv Dellow alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali yake ilishikwa na kamba. Banda lake lilinukia gundi. Hakumwambia mabingwa wanavaa nini. Alimuuliza anateleza wapi, saa ngapi, na kama huko kuna miti.

"Hakuna hata mti mmoja."

"Basi huna cha kukupa kivuli. Waliotengeneza hivi vioo vya kumetameta wanakaa kwenye misitu, au kwenye jua." Akaingiza mkono kwenye sanduku la mbao, akatoa miwani yenye fremu nyeusi isiyo na urembo wowote, na kioo cha rangi ya waridi iliyopauka. Kwenye mkanda palishonwa neno DELLOW, na herufi ya mwisho ilikuwa imepinda. "Mke wangu ndiye anayeshona," akasema. "Anashona akitazama kriketi."

Raewyn akatandaza sufu yake kwenye majani, chini ya wingu. Mzee hakushangaa hata chembe. Akasema tu, "Merino, eh? Safi," akarudi nyuma kumpisha.

Akavaa. Akainama.

Vijiwimbi vilikuwa pale, kimoja kimoja, vyote. Aliona hata mahali ambapo kondoo yule alishikwa na njaa mwaka uliopita, uzi ukakonda. Raewyn alicheka kwa sauti, akapiga paja. "Nilisema! Nilisema ni miwani! Watanikoma!"

"Mbona unageuza kichwa?" Merv akauliza.

"Nageuza?"

"Unakigeuzia kushoto, kama kuku anayetazama punje. Tangu umeshuka kwenye gari." Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomuudhi Raewyn. "Hebu funga jicho la kulia kidogo."

Akafunga. Sufu ikatoweka. Si uji tena. Ilikuwa kama mtu amepaka mafuta kwenye kioo cha dirisha.

"Kioo cha kushoto kibovu," akasema haraka.

Merv hakubishana. Akaingia bandani, akaleta miwani nyingine mpya. Raewyn akavaa, akafunga jicho la kulia, akakaa muda mrefu ameinamia majani. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye ua wa jirani. Alijua. Alikuwa akijua tangu siku ile mezani, banda la Mayfield, alipogundua kwamba anapanga sufu kwa vidole na macho yanasindikiza tu. Alijua, akajitia hamnazo. Ukweli ulikuwa mgeni wa mlangoni, na yeye aliuzimia taa akajifanya hayupo.

"Mimi si daktari," Merv akasema. "Lakini nimetazama macho ya watu miaka arobaini. Nadhani ni mtoto wa jicho."

"Mtoto?" Raewyn akavua miwani. Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa njia aliyoizoea. "Miaka sitini na mmoja, mjane, halafu napata mtoto. Wataongea Fairlie nzima!"

"Huyu hutolewa. Nusu saa, unarudi nyumbani unakunywa chai. Kawaida, dada yangu. Kabisa."

"Na mpaka hapo? Miwani yako haitoshi?"

Mzee alijikuna shingo. Angeweza kusema inatosha, akauza. "Itakuonyesha mstari wa ukingo wa theluji kwa jicho la kulia. Hakuna atakayeuona vizuri kuliko wewe. Lakini jicho moja halijui umbali. Utaona ukingo upo. Hutajua kama uko hatua kumi mbele au mbili."

Akainunua hivyo hivyo. Nasema akainunua kwa sababu ilikuwa miwani bora, na kwa sababu aliyemuuzia alikuwa amemwambia mahali inapokomea.

Daktari wa macho mjini Timaru akathibitisha. Ni mtoto wa jicho, mkubwa, tena wa muda. Akapewa nafasi ya upasuaji mwezi wa kumi, baada ya msimu, na akaambiwa kwa majaliwa ataona kama alivyoona akiwa na miaka thelathini. Raewyn alitoka pale na habari njema mkononi, lakini mwezi wa kumi ulikuwa mbali, na jaribio lilikuwa linakuja.

"Nyamaza," Bev akamshauri. Walikuwa wawili tu jikoni, mlango umefungwa. "Miwani unayo. Tazama mstari, pita mbali nao, chomeka fito zako, shuka. Mwezi wa kumi unamtoa mtoto huyo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe umejua mwaka mzima na hujafa."

"Nimevunjika bega, Bev."

"Bega limepona! Kazi hii ikienda, hiyo haiponi. Nakujua mimi. Utakaa hapa unamenya viazi unatazama dirishani mpaka nikufukuze." Bev akafuta mikono kwenye aproni, na sauti ikashuka. "Sitaki kukuona hivyo, Rae. Ndiyo maana nasema hivi."

Alikuwa anasema kwa upendo, na upendo ukishauri uongo huwa mgumu sana kuukatalia.

Siku ya maziwa ikaja Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Kutoka dirisha la nyumba ya klabu hata nguzo ya kwanza ya kamba haikuonekana. Raewyn na Lachie wakapanda, makoleo yakilia kwenye magurudumu, na watu wawili wengine wa doria wakapanda nyuma yao. Juu upepo ulikuwa umelala. Lachie alivaa jicho lake la nzi. Akaitazama miwani ya Raewyn, akasoma mkanda, akauma mdomo asicheke.

"Twende kazi, Dellow," akasema. "Nipo nyuma yako."

Kuna desturi Craigmuir, ya tangu zamani. Anayetangulia, kila afikapo mahali pabaya, hubonyeza redio yake ya mkononi na kusema neno moja: "Naona." Basi. Walio juu hufuata, na walio chini hujiandaa kuwafungulia wageni kamba. Kitabu cha sheria za klabu kina neno la pili, "Sioni," ambalo maana yake ni simamisha kila kitu. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho lilipotumika. Watu wale ni wa kusema "si mbaya" mguu ukiwa umevunjika, na "sawa tu" nyumba ikiwa inaungua. Kusema "sioni" redioni, klabu nzima ikisikia, ilikuwa sawa na kuvua suruali mbele ya wakwe.

Raewyn akateremka. Kwenye mgongo wa kwanza, miwani ikamwonyesha matuta yote, akabonyeza: "Naona." Kwenye bonde dogo, theluji laini ya usiku, akaiona ilivyojikunja: "Naona." Alikuwa akiteleza vizuri, magoti yake yalikuwa na furaha, na akaanza kuamini kwamba huenda Bev alisema kweli.

Akafika Rafuni.

Mstari ulikuwepo. Uzi wa kijivu ndani ya waridi, umelala mbele yake toka kushoto hadi kulia, wazi kabisa. Ule ndio ukingo uliomvunja. Akausifu mkono wa Merv Dellow moyoni. Kisha akajiuliza uko mbali kiasi gani, na jicho lake moja halikuwa na jibu. Huenda hatua kumi. Huenda ncha za skii zake zilikuwa tayari zinaning'inia hewani.

Akasimama. Mkono ukaenda kwenye redio. Angeweza kusema "Naona", na lisingekuwa uongo mtupu. Aliuona. Kisha angejivuta kando pole pole, akabahatisha, na pengine angepita. Lakini nyuma yake walikuwepo watatu ambao wangeteremka kwa neno lake, na baada yao wageni, na watoto wa wageni. Aliogopa kuliko alivyoogopa hewani mwaka jana, maana mwaka jana hakupewa muda wa kuogopa.

Akabonyeza.

"Sioni," akasema.

Kisha sauti ya Lachie, imepanda juu: "Rudia, Rae?"

"Sioni, Lachie. Mstari wa ukingo nauona. Sijui uko mbali gani. Jicho langu la kushoto lina mtoto, nimelijua muda mrefu, na bega langu sikulivunja kwa sababu ya miwani." Akavuta pumzi. "Mwambieni Bev anitayarishie kisu cha viazi."

Baada ya muda akasikia skii nyuma yake, mtu anashuka taratibu, ndani ya alama za skii za Raewyn hasa, hata kidole hakitoki nje. Lachie akasimama ubavuni, akapandisha miwani yake kwenye paji la uso, akaishusha tena.

"Mstari gani?" akauliza.

"Ule pale."

"Wapi?"

"Mbele yako hapo, Lachie! Toka kule mpaka kule!"

Lachie akatazama muda mrefu. Alipozungumza hakuwa mkuu wa doria tena. Alikuwa kijana tu aliyesimama kwenye wingu. "Rae, mimi sioni kitu. Sijawahi kuuona huu ukingo siku ya maziwa, hata mara moja. Tangu nimeanza kazi hapa nafuata alama zako. Mwaka jana ulipodondoka mimi nilikuwa hatua tano nyuma, na nilisimama kwa sababu ulipiga kelele." Akameza mate. "Nikaja kwako kukupima wewe macho. Nilikuwa naogopa kwamba ukiondoka, nitakayetangulia ni mimi."

Raewyn akamgeukia. Mwaka mzima alikuwa amebeba woga wake akidhani uko peke yake duniani, kumbe wa jirani yake ulikuwa unaishi mlango wa pili.

"Nipe hiyo dawa ya kikohozi," Lachie akasema.

Wakabadilishana miwani. Lachie akavaa, na Raewyn akaona mdomo wake ukifunguka katikati ya zile ndevu. "Aisee," akasema. "Aisee, Rae. Ule pale!"

"Uko mbali gani? Wewe una macho mawili."

"Hatua sita. Saba." Akafinyanga donge la theluji, akalirusha. Donge likaviringika, likafika kwenye uzi wa kijivu, likatoweka. "Sita."

Wakachomeka fito, Lachie akichomeka, Raewyn akihesabu na kuelekeza, maana alikuwa anaijua Rafuni kama anavyoijua meza yake ya sufu: hapa upepo huchimba chini, hapa usiamini, hapa rudi nyuma kidogo. Fito ya mwisho ilipokaa, Lachie akashika redio.

"Hapa Lachie, Rafuni. Klabu nzima isikie. Mimi pia sioni, na sijaona miaka minne. Kuanzia leo tunatangulia wawili wawili. Na kamati waambieni Rae haendi jikoni. Tunamngoja na jicho lake mwezi wa kumi."

Mmoja wa wale wawili waliobaki juu akasema, "Hata mimi sioni, kwa kweli." Na mwenzake, "Afadhali umesema." Halafu sauti ya Bev, ambaye hana ruhusa ya kugusa redio, ikaingia na kelele za sufuria nyuma yake, ikijaribu kusema jambo na kushindwa, ikasikika tu ikipenga kamasi.

Lachie akarudisha miwani, akamfunga Raewyn mkanda kichwani kwa mkono wake. Hapo Raewyn akalia. Akalia kama mtoto, kwa sauti, amesimama juu ya skii zake, na miwani ya Dellow, pamoja na sifa zake zote, haikutengenezwa kwa machozi. Ikajaa ukungu papo hapo.

"Lachie," akasema, "sasa ndiyo sioni kabisa."

"Basi tungoje," akasema Lachie, na wakangoja.